Mguu Unauma na Vipimo Havisemi Kitu: Namna ya Kutafuta Jibu

Ukimwambia daktari "mguu unauma", bado hujamwambia kitu. Mguu kwa Kiswahili unaanzia nyongani na kuishia kwenye ukucha wa kidole cha mwisho. Ukiongeza kwamba ni "mishipa", ndiyo umemvuruga kabisa: mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, kano nazo twaziita mishipa, na wapo wanaoiita hata ngiri mshipa. Neno hilo moja nililibeba miezi minane, na kila niliyekaa mbele yake alilielewa kivyake. Wa kwanza alinipa dawa ya kuchua, wa pili vidonge vya vitamini, wa tatu akaagiza picha ya mgongo. Kwa yale niliyowaambia, siwezi kuwalaumu sana. Nilikuwa naeleza vibaya.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kalamu na maneno. Mashine zitakuja, ila mashine isiyoelekezwa hupiga picha ya chochote ilichokikuta.

Kabla ya yote: dalili za kukimbilia hospitali leo hii

Zipo hali ambazo huandiki daftari wala husubiri miadi.

Ganzi kwenye sehemu zinazokalia tandiko la baiskeli, yaani sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, hasa mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikilegea. Hapo lile fungu la mishipa ya fahamu lililo chini ya uti wa mgongo huenda limebanwa. Likichelewa kufunguliwa, tatizo la mkojo na la kutembea linaweza kubaki maisha yote.

Mguu mmoja umevimba, shavu la mguu lina joto na linauma: huenda damu imeganda ndani. Usiuchue. Bonge likikatika huenda mapafuni, kwa hiyo ukisikia kifua kinauma au pumzi inakata, ni dharura juu ya dharura. Na kama mguu umegeuka ghafla wa baridi, umepauka na unauma vibaya, damu haifiki. Hapo zinahesabiwa saa, siyo siku.

Ganzi au udhaifu unaopanda kutoka nyayoni kwenda juu ndani ya siku chache, mara nyingi baada ya kuharisha au mafua, unaweza kuwa ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao huweza kufika hadi misuli ya kupumua. Mguu na mkono wa upande mmoja kulegea ghafla, au mdomo kupinda, ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maumivu ya mgongo na mguu yanayofuatana na homa, kukonda kusikoeleweka, au yanayompata mtu aliyewahi kuugua saratani, nayo yaonwe mapema. Na mwenye kisukari akikuta kidonda kwenye wayo kisichomuuma, huko kutouma ndiko kwa kuogopesha.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, unao muda wa kufanya kazi vizuri.

Chora mguu wako

Chukua karatasi, chora mguu wa mbele na wa nyuma. Haihitaji uhodari, hata vijiti viwili vinatosha. Kisha paka rangi pale panapouma, na weka nukta pale penye ganzi. Andika majina: nyonga, kinena, tako, paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo, mgongo wa wayo, kidole gumba, kidole cha mwisho. Usichore unapodhani tatizo lilipo. Chora unapohisi.

Mchoro huu una thamani kuliko picha nyingi za gharama, kwa sababu mishipa ya fahamu ina ramani yake na haibahatishi. Mzizi wa neva, yaani mshipa wa fahamu, unaoitwa L5 ukibanwa mgongoni, maumivu hushuka kwa upande wa nje wa mguu hadi mgongo wa wayo na kidole gumba. Wa S1 hupita nyuma ya paja na shavu la mguu, ukaishia ukingo wa nje wa wayo na kidole cha mwisho. L4 hukaa zaidi mbele ya paja na upande wa ndani wa muundi. Kiraka cha ganzi au moto upande wa nje wa paja, kisichofika gotini na kisicho na udhaifu wowote, mara nyingi ni mshipa mdogo wa ngozi uliobanwa kinenani na mkanda, suruali ya kubana, tumbo kubwa au ujauzito. Huo hauna habari na mgongo hata kidogo.

Kama mchoro wako umepakwa nyayo zote mbili sawasawa, kama mtu aliyevaa soksi, fikiri tofauti. Hapo kinachougua ni ncha za neva ndefu kuliko zote mwilini, na chanzo kwa kawaida kiko kwenye damu: sukari, vitamini, figo, pombe, dawa. Soksi hiyo hupanda polepole, na inapokaribia magotini ndipo vidole vya mikono navyo huanza. Mtu aliyeanza ganzi mikononi na miguuni siku moja anasimulia hadithi nyingine, na aiseme hivyo hivyo.

Angalia pia maumivu ya goti yasiyo na kosa gotini. Nyonga iliyochakaa huuma kinenani na gotini, na wapo waliopigwa picha za goti mara tatu huku nyonga ikichekea pembeni.

Tafuta neno lake halisi

"Ganzi" peke yake ni neno la kutilia shaka. Kuna ganzi ya kutohisi, ukigusa ni kama unamgusa mtu mwingine. Na kuna ganzi ya kuchomachoma, kama mguu uliokaliwa unapoanza kuamka. Ya kwanza ni neva iliyonyamaza, ya pili ni neva inayopiga kelele. Mwambie daktari ni ipi, au zote mbili na wapi.

Maumivu ya neva yana lugha yake: yanawaka moto, yanapiga kama umeme, yanatambaa kama sisimizi chini ya ngozi, shuka tu ikigusa unasononeka. Msuli hukaza, huvuta, huuma ukiubonyeza. Mshipa wa damu ulioziba hulalamika ukiwa kazini, ukitembea. Sisemi ujitibu kwa maneno haya. Yaandike tu kama yalivyokujia, na usiyapambe.

Tenganisha pia maumivu na udhaifu. "Siwezi kupanda ngazi kwa sababu inauma" na "siwezi kupanda ngazi hata isipouma" ni wagonjwa wawili tofauti. Wa pili huyo aonwe haraka zaidi, na udhaifu unaoongezeka wiki hadi wiki usisubiri daftari liishe.

Daftari la wiki mbili

Hapa ndipo watu huzembea, na mimi nilizembea. Mistari mitatu kwa siku inatosha: ilianza saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nini kiliituliza. Kinachotuliza ndicho chenye siri kubwa.

Chukua watu wawili ambao miguu inawauma wakitembea. Wa kwanza anasimama tu, wima, dakika mbili tatu maumivu yanakwisha, anaendelea. Huyo mishipa yake ya damu huenda imekuwa myembamba, hasa kama ni mvutaji sigara au ana kisukari. Kipimo chake ni rahisi: presha ya kwenye kifundo hugawanywa kwa ya mkononi, na ikiwa chini ya 0.9 damu inapita kwa shida. Wa pili kusimama hakumsaidii. Lazima akae au ainame mbele. Anapanda baiskeli bila tatizo, lakini kutembea mita mia ni mateso. Huyo njia ya uti wa mgongo huenda imebana, na kuinama huipanua kidogo. Malalamiko ni mamoja, barabara mbili, na kinachowatenganisha ni swali ambalo hata jirani angeweza kuwauliza.

Ukikohoa au kupiga chafya na umeme ukashuka mguuni, andika. Kama mguu unakusumbua jioni ukishatulia tu, unasikia lazima uusogeze, na ukitembea chumbani unapoa, huo unaweza kuwa ugonjwa wa miguu isiyotulia, na jambo la kwanza kuangaliwa ni akiba ya chuma mwilini, yaani feritini. Moto wa nyayo unaozidi usiku ukiwa umelala bila kujisogeza, bila hamu ya kutikisa miguu, ni kitu kingine tena.

Jipime mwenyewe

Tembea hatua kumi kwa visigino, kisha kumi kwa ncha za vidole, karibu na ukuta wa kushika. Upande mmoja ukishindwa, andika upi. Gusa mguu mmoja na mwingine kwa pamba, kisha kwa mgongo wa kijiko kilichotoka kwenye maji baridi; unatafuta tofauti kati ya pande mbili. Simama miguu pamoja, fumba macho, mtu akiwa karibu; ukiyumba sana ukifumba tu, huenda hisia za miguu zimepungua. Tazama soli za viatu vyako, imelika wapi. Na kama ndala hukuvuka bila kujua hadi ukanyage chini kwa mguu mtupu, hiyo ni dalili kamili, usiione ndogo ukaacha kuitaja.

Tazama ngozi pia, nzima. Baka lililopauka au jekundu ambalo halihisi pamba ni la kumwonyesha daktari siku ya kwanza, maana ukoma bado upo duniani na unatibika. Ukiachwa ndio unaokula neva.

Mfuko wa dawa

Weka kwenye mfuko mmoja kila unachomeza, pamoja na vile unavyoona si dawa. Isoniazidi ya kifua kikuu huchoma neva ikitolewa bila vitamini B6. Baadhi ya dawa za saratani hufanya hivyo hivyo. Metfomini ikitumika miaka mingi hushusha B12, na dawa za kupunguza asidi tumboni nazo huchangia. Dawa za kushusha kolesteroli zinaweza kuleta maumivu ya misuli. Halafu kuna kichekesho chenyewe: vitamini B6 inayouzwa kama dawa ya neva, ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu, huharibu neva hizo hizo. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya aya hii. Ipeleke ikaulizwe.

Na hili nalirudia kwa kila anayeniuliza: usichome sindano wala kumeza vidonge vya B12 kabla damu haijapimwa. Ukishaanza, kipimo husoma kwamba uko vizuri, na itakuwa vigumu kujua kama ulikuwa na upungufu. Upungufu wa B12 huweza kuumiza neva hata damu yako haijapungua, kwa hiyo kuambiwa "damu ipo ya kutosha" hakumalizi swali.

Ongeza kwenye karatasi kiasi cha pombe bila kujipunguzia, uzito ulioongezeka au kupungua, kazi ya kuchuchumaa au kukaa kwa muda mrefu, na ndugu mwenye miguu ya namna hiyo. Magonjwa mengine ya neva hurithiwa. Mtu mwenye wayo wa upinde mkubwa na vidole vilivyojikunja tangu ujana aulizwe kuhusu wazazi wake.

Ndani ya chumba cha daktari

Anza na sentensi moja: lini, wapi, inahisije, nini kinazidisha. Kisha mpe mchoro. Usianze na ulichosoma, wala na majina ya magonjwa. Daktari akishasikia jina, masikio yake yote hulifuata hilo.

Uchunguzi wa mguu hauwezi kufanyika ukiwa umevaa soksi. Utarajie kinyundo cha mpira gotini na nyuma ya kifundo, chuma kinachotetemeka kikiwekwa kwenye kidole gumba, uzi mgumu wa plastiki ukigusa wayo ukiwa umefumba macho, mguu ulionyooshwa ukiinuliwa umelala chali, na vidole vikisukumana na mkono wa daktari. Apapase pia mapigo ya damu juu ya wayo. Kama hakuna hata kimoja kilichofanyika na tayari unaandikiwa picha, sema kwa adabu: "Daktari, naomba unipime na nguvu za mguu, nahisi kama zimepungua." Mara nyingi hilo linatosha.

Aliyenipatia jibu alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye haraka. Alitazama mchoro wangu: mgongo wa wayo wa kushoto na nje ya muundi, basi. Picha yangu ya mgongo ilionyesha diski, ule mto ulio kati ya pingili za uti, imetokeza, nami nilikwisha kuamini diski ndiyo mchawi. Aliniambia nivute wayo juu, ukalegea. Niugeuze kwa nje, ukalegea. Niugeuze kwa ndani, akauzuia kwa kiganja, nikamsukuma.

"Huku una nguvu," akasema. "Mzizi wa mgongoni ungekuwa umebanwa, na huku kungelegea. Basi sioni kosa la mgongo hapa."

Kisha akagonga kwa ncha ya kidole upande wa nje wa goti, chini kidogo, pale penye kifundo cha mfupa mwembamba. Umeme ukashuka hadi kwenye kidole gumba, nikaruka.

"Hapo?"

"Hapo hapo, daktari."

"Unapenda kukunja nne?"

Nilikuwa nimekaa nimekunja nne wakati ananiuliza. Nilikuwa pia nimepungua kilo kumi na mbili mwaka huo, na yale mafuta kidogo yanayoukinga mshipa wa fahamu pale gotini yalikuwa yamekwenda nazo. Mshipa huo hupita juu ya mfupa, chini ya ngozi tu, na mguu mmoja ukilala juu ya mwingine kila siku unausaga.

Vipimo, na mpangilio wake

Kwa miguu miwili yenye soksi ya ganzi, damu hutangulia: sukari na HbA1c (wastani wa sukari ya miezi kama mitatu; kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari), B12, figo, ini, homoni za tezi ya shingo, picha kamili ya damu, kipimo cha protini za damu, na mara nyingi VVU na kaswende. Hivyo ndivyo vyenye uwezekano mkubwa wa kupata sababu inayotibika.

MRI ya mgongo, ile picha ya mashine ya sumaku, ina nafasi yake pale mchoro na kinyundo vinapoelekeza mgongoni, hasa kama kuna udhaifu au maumivu yamegoma baada ya wiki 6 hivi. Nje ya hapo ihofu kidogo. Zaidi ya nusu ya watu wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote wana diski iliyotokeza kwenye picha. Swali la kuuliza ni hili: je, diski hiyo inabana mzizi unaolingana na mchoro wangu, upande ule ule?

Kipimo cha umeme wa neva, pamoja na sindano nyembamba ndani ya msuli, huonyesha neva imeumia wapi na kwa kiasi gani. Kikifanywa siku chache baada ya jeraha kinaweza kudanganya. Mabadiliko ya kwenye msuli huchukua kama wiki 3 kuonekana. Kuna jambo la pili ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: kipimo hicho husoma neva nene tu. Neva nyembamba zinazobeba moto, baridi na maumivu hakizisomi. Mtu anaweza kuungua nyayo usiku kucha na karatasi ikaandikwa "kawaida". Huyo aulizie kipimo cha ngozi: hukatwa kipande chenye upana wa milimita 3, juu ya kifundo, na nyuzi za neva zikahesabiwa kwa hadubini.

Vikirudi safi

"Safi" maana yake ni kwamba yale yaliyotafutwa hayakuonekana. Omba nakala ya kila karatasi, siyo maneno ya mdomo. Uliza: kipi kimeondolewa, kipi bado hakijaangaliwa, turudie lini? Wagonjwa wengi wa neva za miguuni hubaki bila sababu inayojulikana hata baada ya kupimwa sawasawa, na kwa wengi wao ugonjwa huenda polepole sana. Akikuambia mtu yote yako kichwani, muulize amepima neva nyembamba au bado. Kubadilisha daktari kunafaa. Kubadilisha madaktari watano bila kubeba karatasi za wa kwanza ni kuanza upya mara tano.

Maumivu nayo hayasubiri jina. Parasetamoli na ibuprofeni huwa hazina nguvu juu ya moto wa neva, na ibuprofeni ya kila siku huumiza figo na tumbo. Zinazotumika ni amitriptilini, duloksetini, gabapentini au pregabalini, kwa dozi ndogo inayopandishwa pole pole. Zipe wiki kadhaa kabla ya kuzihukumu, tarajia usingizi na kizunguzungu mwanzoni, mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, wa macho au wa figo, na usizikate ghafla. Mwenye ganzi nyayoni akague miguu yake kila jioni, hata kati ya vidole, na aingize mkono kwenye kiatu kabla ya kukivaa.

Mshipa uliosagwa ganda tu unaweza kurudi ndani ya wiki au miezi michache. Ukiwa umekatika nyuzi za ndani, huota kama milimita 1 kwa siku. Kutoka pale daktari aliponigonga hadi kwenye kidole gumba changu nimepima kwa futi kamba: sentimita 43. Niliacha kukunja nne siku ile ile, na ndala ya kushoto ilinivuka kwa miezi mitano zaidi. Mwezi wa sita kidole gumba kiliinuka, kidogo tu, kama mtu anayeitwa kutoka usingizini.